Mshirika au mfuko wako? Hesabu ya kufanya kabla ya kupokea pesa za programu ya simu

Vijana wengi wanaojifunza kutengeneza programu za simu huniuliza swali moja: "Kuna mtu anataka kunipa pesa nimalizie programu yangu, nikubali au nijikaze mwenyewe?" Kwa kawaida ni rahisi kumjibu mwenzako. Mwezi huu swali limefika mlangoni kwangu, na nina mpaka mwisho wa mwezi kutoa jibu. Kwa hiyo leo naandika hesabu yangu yote hapa, labda na wewe itakufaa.

Kwanza nieleze programu yenyewe. Ukiishi Kawangware au Kibera unajua biashara ya kadogo: sukari ya shilingi kumi, mafuta ya kupima, unga wa nusu kilo. Na unajua daftari la deni. Kila duka lina daftari, na kila daftari lina ugomvi wake: mwenye duka anasema mia tatu na hamsini, mteja anasema mia mbili. Programu yangu ni daftari hilo ndani ya simu ya Android. Mwenye duka anaandika deni, mteja anapata SMS papo hapo, hata kama simu yake ni ile ya kabambe isiyo na intaneti. Akilipa, anapata SMS nyingine. Ni hivyo tu, hakuna maajabu.

Sasa hivi inatumiwa na maduka 14 huko Kawangware, upande wa Gatina na Congress. Kila duka linalipa shilingi 100 kwa mwezi. Nazo hesabu ni hizi: SMS za duka moja hunigharimu kama shilingi 50 kwa mwezi, seva ni 2,500, na nauli ya kuzunguka madukani 1,500. Kwa hiyo naingiza 1,400 na natumia 4,700. Shilingi 3,300 zinatoka mfukoni mwangu kila mwezi. Lakini angalia vizuri: kila duka linaniachia shilingi 50. Nikifika maduka 80, ile 4,000 ya seva na nauli imelipika na programu inajibeba, ukiacha mshahara wangu ambao bado haupo.

Halafu ikaja barua. Shirika moja linalofanya kazi Kibera (jina nitaliweka kando) liko tayari kutoa shilingi 900,000 kwa awamu tatu, katika miezi 18. Masharti: programu ifike maduka 200 ya Kibera, iwe ya bure kwa wenye maduka, ibebe jina la shirika, na wao wapate ripoti za kila robo mwaka zenye orodha ya wakopaji. Kwa mtu anayelipa kodi ya nyumba Nairobi, 900,000 si pesa ya kuchekea. Mke wangu aliisoma barua mara mbili, akaniuliza, "Baba, mbona hujafurahi?"

Jibu langu kwake ndilo hoja yangu ya leo. Watu wakizungumza kuhusu mshirika au kujifadhili, huuliza pesa ni ngapi. Mimi nadhani swali la kwanza ni lingine: pesa hizi zikiisha, ni nani atakuwa anailipia programu, na itakuwa mali ya nani?

Piga hesabu ya masharti yale. Maduka 200 mara shilingi 50 za SMS ni shilingi 10,000 kila mwezi, na kwa kuwa ni bure, hakuna hata senti inayoingia. Ongeza seva na nauli. Siku awamu ya tatu ikiisha, nitabaki na maduka 200 yaliyozoea bure na gharama ya 14,000 kwa mwezi. Maduka 200 yanayolipa yangekuwa biashara yenye faida ya shilingi 6,000. Programu ni ileile na maduka ni yaleyale. Kilichobadilika ni nani analipa.

Hapa tofauti ya Kibera na Kawangware ina somo. Ni mitaa isiyo mbali sana. Lakini Kibera imejaa miradi ya mashirika kuliko pengine mtaa wowote mwingine wa Nairobi. Nikionyesha programu Kibera, swali la kwanza ni, "Hii ni ya shirika gani?" Nikiionyesha Kawangware naulizwa, "Ni pesa ngapi?" Siwalaumu watu wa Kibera hata kidogo, wamejifunza kutokana na walichoona kikija na kuondoka. Ila kwa mtengenezaji wa programu swali la pili ni zawadi. Mama mmoja wa Gatina aliniambia, "Kijana wangu, mia moja si nyingi, lakini hiyo SMS ikichelewa mwezi ujao silipi." Hakuna ripoti ya robo mwaka itakayoniambia ukweli kwa kasi hiyo.

Je, hii inamaanisha mshirika ni mbaya? Hapana. Tuangalie M-Pesa, kwa sababu kila mtu hapa Kenya huitaja bila kukumbuka ilivyoanza. Wazo lilisukumwa na Nick Hughes wa Vodafone, Uingereza. Shirika la misaada la serikali ya Uingereza la wakati huo, DFID, lilitoa karibu pauni milioni moja, na Vodafone ikaweka kiasi kama hicho. Majaribio yalianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, pamoja na Faulu, taasisi ya mikopo midogo. Lengo lilikuwa watu walipe mikopo yao kwa simu. Wateja hawakufika hata 500, lakini walionyesha jambo ambalo halikuwa kwenye mpango: walianza kutumiana pesa wao kwa wao. Safaricom ilipozindua M-Pesa Machi 2007, ilikuwa huduma ya kutuma pesa nyumbani, si ya kulipa mikopo.

Naona mafunzo mawili hapo. La kwanza, bila mshirika M-Pesa isingekuwepo. Hakuna mtu angejenga peke yake mtandao wa simu, mawakala na imani ya wateja ambayo Safaricom ilikuwa nayo tayari. La pili halisemwi sana: Safaricom haikuwa mwenye M-Pesa. Ilikuwa mali ya Vodafone, na Safaricom iliilipa Vodafone ada ya kuitumia mwaka baada ya mwaka. Hata seva zake zilikuwa Ujerumani hadi zilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Ni mwaka 2020 tu ndipo Safaricom na Vodacom, kwa kampuni ya ubia, waliponunua M-Pesa kutoka Vodafone. Ikiwa kampuni kubwa kama ile ilichukua miaka 13 kununua kitu ambacho Wakenya wote wanakiita chetu, wewe na mimi tutakinunua lini?

Mfano wa pili ni Ushahidi. Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, Ory Okolloh aliandika wazo la ramani ya kukusanya taarifa za yanayotokea. Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao wakaijenga kwa siku chache tu, kwa kujitolea. Pesa zilikuja baadaye: mwaka huohuo walishinda zawadi ya NetSquared, dola 25,000. Angalia mpangilio. Waliokuja na pesa walikuta kitu kinachofanya kazi na chenye wenyewe.

Sasa jambo la sheria, na hili naomba usiliruke. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kifungu cha 31, kazi ikiagizwa na mtu mwingine, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Programu za kompyuta nazo zinalindwa na sheria hiyo. Maana yake, mkataba ukisema shirika "limeagiza" programu, na ukanyamaza kuhusu umiliki, unaweza kuamka siku moja ukiwa fundi wa nyumba ya mtu mwingine. Kimya cha mkataba si chako. Dai sentensi moja tu iandikwe: msimbo wa programu unabaki wa aliyeutengeneza, na mshirika anapewa ruhusa ya kuutumia.

Na ile orodha ya wakopaji? Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Mteja alikubali mwenye duka ajue kwamba anadaiwa unga. Hakukubali jina na nambari yake viende kwenye ripoti ya watu asiowajua. Jumla ya maduka na jumla ya madeni, sawa, nitawapa. Majina siyatoi, hata kwa 900,000.

Nisije nikaonekana nasifia umaskini. Kujifadhili nako kuna hatari zake. Kusajili akaunti ya Google Play ni dola 25 mara moja tu, hiyo si shida. Gharama kubwa ni muda wako: usiku wa kurekebisha makosa baada ya kazi ya mchana, na Jumamosi madukani. Nimeona watu wakiuza hata kompyuta yao wakisema "bado kidogo tu". Kwa hiyo ukijifadhili weka kikomo kabla hujaanza. Changu ni miezi sita au shilingi 30,000, kitakachotangulia. Nikifika hapo bila maduka 80 yanayolipa, basi soko limenijibu na sina haja ya kubishana nalo.

Haya, nimeamua nini? Naliandikia lile shirika barua ya kukataa pesa za kutengeneza programu, na kuomba ushirikiano katika jambo nisiloliweza: kuaminiwa Kibera. Mimi sijulikani Makina wala Laini Saba, wao wanajulikana. Masharti yangu ni manne:

1. Msimbo ni wangu, kwa maandishi.
2. Kila duka linalipa shilingi 100. Shirika likitaka kumsaidia mwenye duka, limlipie miezi mitatu ya kwanza, kisha ajilipie.
3. Ripoti ni za jumla, bila majina.
4. Tunaanza na maduka 20, si 200.

Huenda wakakataa, na wana haki. Nao wana wafadhili wao wanaosubiri idadi kubwa. Wakikataa, nitaendelea na maduka yangu 14 na nauli yangu. Mke wangu amekubali ile miezi sita, ila amesema ataandika tarehe kwenye kalenda ya jikoni.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliye na barua kama yangu mezani: usianze na tarakimu za juu. Nenda ukurasa wa umiliki, kisha piga hesabu ya mwezi wa kwanza baada ya pesa kuisha. Ukiona mwezi huo programu yako bado inapumua na bado ni yako, weka sahihi. Usipoiona, mwombe mshirika kitu kingine badala ya pesa. Mara nyingi anacho.