Moshi wa shamba hauiti mvua

Kila mwisho wa kiangazi, mashamba yakitayarishwa, vilima vinavyozunguka Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, huanza kufuka moshi, na maneno huwa yale yale: choma majani, moshi utapanda, utageuka wingu, mvua itanyesha. Ushahidi? Mwaka jana walichoma, mvua ikaja.

Ilikuja, ndiyo. Mkulima huchoma Julai na Agosti kwa kuwa anajua mvua iko njiani. Aliyechoma na asiyechoma hunyeshewa siku moja.

Kuna wenye hoja nzito zaidi: eti kila tone la wingu hujijenga juu ya chembe, kama ya vumbi au moshi. Hilo ni kweli kabisa. Lakini hewa yetu haijapungukiwa chembe hata siku moja. Kuna vumbi la barabara, moshi wa makaa, gesi ya salfa ya volkano ya Nyamulagira ambayo hugeuka chembe angani. Ukizidisha moshi, maji yale yale hugawanyika kwa matone mengi zaidi, kila moja likapata kidogo, kama chungu kimoja cha maharagwe kilichofikiwa na wageni wasioalikwa. Tone moja la mvua hutokana na matone ya wingu kama milioni moja yaliyoungana, na yakiwa madogo mno hupishana tu bila kugongana. Wingu huwa jeupe zaidi, jambo aliloeleza Sean Twomey miaka ya 1970, na huweza kuchelewa kunyesha. Kuhusu mawingu marefu ya radi wataalamu bado wanabishana, ila sijasikia hata mmoja akimshauri mkulima achome.

Wengine husema moshi huishia hapa hapa. Hapana. Moshi wa savana za kusini mwa Kongo, Angola na Zambia husombwa na upepo hadi juu ya Atlantiki, ukatanda kwenye mawingu mapana mbele ya Angola na Namibia. NASA iliufuata kwa ndege: 2016 kutoka Walvis Bay, 2017 na 2018 kutoka São Tomé. Waingereza waliupima kisiwani Ascension mwaka 2017. Moshi ukikaa juu ya wingu, hunyonya jua na kupasha hewa joto. Ukiingia ndani, hufanya ule ule ugawaji wa matone.

Na kuna wanaouliza, "bahari ya mbali inatuhusu nini?" Mwishoni mwa 2019 Bahari ya Hindi ilipata joto kupita kawaida upande wa Afrika, na mafuriko yakaikumba Afrika Mashariki. Mvua hutegemea mvuke wa bahari na wa msitu, wala si kiberiti.

Tena majani yakichomwa, sehemu kubwa ya naitrojeni yake hupotea hewani. Yakitandazwa, hutunza unyevu wa udongo. Ndugu mkulima, msimu huu yatandaze.