Muhuri wa mhandisi hauazimwi

Wadau, juzi nilikuwa nyumbani Tarime, pale Nyamisangura. Jamaa mmoja anayejenga ghorofa ya fremu za maduka akanitia hofu: eti mhandisi wake hajawahi kukanyaga saiti, kalipwa agonge muhuri kwenye ramani, basi. "Cheti si anacho?" akaniuliza.

Anacho, kaka. Ila cheti hakibebi nguzo. Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 liliporomoka Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam. Watu 36 wakafa. Novemba 2024 likaanguka lingine Kariakoo, likaua zaidi ya 20.

Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mamlaka ya kumfutia usajili mhandisi asiye na maadili, na wahandisi wetu wanakula kiapo kabisa. Lakini Bodi haiwezi kusimama kila saiti. Kujua kama nondo zinatosha ni kazi ya yule aliyegonga muhuri, na hawezi kujua akiwa ofisini.

Kwa hiyo wewe unayejenga, usiulize cheti tu. Uliza atakuja lini saiti. Na wewe mhandisi uliyesomeshwa kwa kodi zetu, ukiazimisha muhuri umeazimisha roho za watu. Au nakosea, wadau?