Kihispania ndani ya telefone: uulize mambo matatu mbele ya kulipa

Siku zilizopita kijana moja wa kwetu Mangobo alinifikia nyumbani, ametoka kariere upande wa Bafwasende. Hakuleta habari ya jiwe wala ya dhahabu. Alitoa telefone mfukoni, akaniambia: « Yaya, nilinunua masomo ya Kiespanyoli. Mwezi muzima ninasikiliza, lakini sielewe kitu. Kichwa yangu njo mubaya, ao ni masomo? »

Tukasikiliza pamoja. Kihispania chenyewe kilikuwa safi. Lakini mwalimu alieleza kila neno kwa Kiingereza, na kijana hajui Kiingereza. Mtu aliyemuuzia, wa kuweka miziki na filme ndani ya carte mémoire, alimwambia tu: « Ni méthode ya Wazungu, iko bien. » Akalipa franka alizopata kwa siku nyingi za kusimama ndani ya maji na kuchekecha changarawe. Na kumbe masomo ya namna ile yanapatikana bure kwenye intaneti.

Wengine watacheka: « Kihispania? Utasema na nani kule Bafwasende? » Mimi sicheki. Kijana ana diplome d'État, na anaona kwamba kariere si kazi ya kuzeekea. Nchi karibu 20 duniani zinatumia Kihispania kama lugha ya serikali, na hapa Afrika kuko Guinea ya Ikweta. Kutaka kujua lugha si upumbavu. Upumbavu ni kulipa bila kuuliza.

Tena Mkongomani alishafanya hivyo. Mwaka 1965, Che Guevara alipofika na Wakuba upande wa Fizi, kando ya ziwa Tanganyika, walipewa kijana wa miaka karibu 16, Freddy Ilanga, awe mkalimani na amfundishe Che Kiswahili. Wakuba wenyewe walijiita kwa hesabu ya Kiswahili, na Che alikuwa Tatu. Kisha Freddy alitumwa Kuba. Akajifunza Kihispania, akasoma udaktari kwa lugha hiyo, akawa daktari wa kupasua ubongo wa watoto. Alikufa kule mwaka 2005. Hakuwa na programu ya telefone. Alikuwa na watu wa kusema naye kila siku.

Sasa, mbele ya kutoa franka, uulize mambo matatu.

La kwanza: masomo haya yanaanzia lugha gani? Duolingo, ambayo vijana wengi wanaijua, inafundisha Kiswahili kwa watu wa Kiingereza, lakini haifundishi Kihispania kwa mtu wa Kiswahili. Itakubidi upitie Kifaransa. Assimil, nyumba ya vitabu ya Ufaransa iliyoanza mwaka 1929, nayo inaeleza kwa Kifaransa: somo fupi kila siku, unasikiliza, unarudilia. Masomo ya FSI, ambayo serikali ya Marekani ilitengeneza kwa wanadiplomasia wake, ni ya bure, na Language Transfer ni ya bure pia. Zote mbili ni nzuri, lakini mwalimu anaeleza kwa Kiingereza. Kama hukisikii, uache, hata wakikupa zawadi.

La pili: inafanya kazi bila rezo? Mtu wa Makiso anaweza kununua mega kila asubuhi. Mtu wa kariere anapanda kilima kutafuta baa moja ya rezo. Kwake yeye, sauti iliyowekwa ndani ya telefone na kitabu kidogo cha karatasi ni bora kuliko programu yenye picha za kucheka lakini inayoomba intaneti kila dakika. Kuko pia Anki, ya bure kwenye telefone za Android, ya kukumbusha maneno. Unaandika maneno yako wewe mwenyewe, na ukiisha kuipakua haikuombe rezo.

La tatu: inakufungua mdomo? Kugusa-gusa picha kwa kidole si kusema. Somo zuri linakuomba ujibu kwa sauti. Kama yako haikuombe, ujiombe wewe mwenyewe, hata kama wenzako wa kambi watasema umepata wazimu.

Kwa upande wa mdomo, sisi watu wa Kiswahili tuko na bahati ambayo vitabu vya Kifaransa haviwezi kutuambia. Kihispania kina vokali tano: a, e, i, o, u, na zinatamkwa karibu sana na zetu. Kwa sehemu kubwa, neno linasomwa vile limeandikwa. Ile ñ yao ni « ny » ya nyumba. H haitamkwi: « hola » ni « ola ». J yao inatokea kooni, kama « kh ». Meza ni « mesa », sukari ni « azúcar », papai ni « papaya ». Na mchimbaji atakumbuka mbio: dhahabu ni « oro », almasi ni « diamante ». Kwa hiyo maelezo uyasome kwa Kifaransa, lakini matamshi uyatafute kwa masikio yako ya Kiswahili.

Na muda? Hawa wa FSI wanahesabu kwamba mtu wa Kiingereza anahitaji masaa ya darasa kati ya 600 na 750 kwa kufika mbali katika Kihispania. Kwa Kichina ni 2.200. Saa moja kila siku ni karibu miaka miwili. Basi anayekuuzia « Kihispania kwa siku 30 » anakuuzia chupa akikuambia ni almasi. Tena ujue: hakuna programu itakupa karatasi ya kuonyesha kwa ubalozi ao kwa masomo. Diplome inayojulikana inaitwa DELE, inatolewa na Instituto Cervantes, na lazima ufanye mtihani.

Hapa baba moja atanipinga: « Mutoto wangu hajue hata Kifaransa muzuri, unamupeleka kwa Kiespanyoli? » Baba, hapo niko pamoja na wewe. Code minier ya 2002, iliyobadilishwa mwaka 2018, iliandikwa kwa Kifaransa. Karatasi ya comptoir na karatasi ya cooperative ni vilevile. Mchimbaji anayetia sahihi bila kusoma anaweza kupoteza kuliko bei ya masomo yote duniani. Kama Kifaransa chako ni cha kubahatisha, hizo saa uzipe Kifaransa kwanza. Hautazipoteza: Kifaransa na Kihispania ni ndugu wa tumbo moja, na cha kwanza kitakufungulia cha pili.

Lakini sitaki mzigo wote ubaki juu ya kichwa cha mchimbaji. Constitution yetu ya 2006 inataja Kiswahili na Lingala kati ya lugha nne za taifa, na inasema Serikali itazikuza. Basi kwa nini mtoto wa Kisangani apite kwa lugha ya wengine kwa kujifunza lugha ya wengine? Walimu wa Université de Kisangani, wandugu wa redio zetu: dakika kumi na tano kwa juma, Kihispania, Kiingereza ao Kifaransa kinachoelezwa kwa Kiswahili na Lingala. Sauti hiyo ingepita toka telefone moja mpaka ingine, bila mega, mpaka Banalia na Wanie-Rukula.

Yule kijana amerudi kariere. Amefuta masomo yale ya kwanza. Ameazima kitabu kinachoeleza kwa Kifaransa pamoja na sauti zake, na wenzake wawili wanataka kusoma naye jioni, kazi ikiisha. Amenipa kazi moja: nimtafutie hapa mjini mtu anayesema Kihispania, awe padri, sista ao mfanyabiashara, akubali kuwasikiliza kila wakishuka Kisangani. Msomaji, kama unamjua, umwambie vijana watatu wanamungoja.