Mshauri Asiyeshauriana na Wenye Ziwa

Katika mji wetu wa Bujumbura iko kazi moja yenye heshima kubwa, nayo ni kazi ya mshauri wa kimataifa wa utunzaji wa mazingira na maendeleo endelevu. Mwenye kazi hii huja kwa ndege, hukaa wiki tatu au nne, huzungushwa kwa gari la mradi mpaka Rumonge na Nyanza-Lac, kisha hurudi kwao kuandika. Ripoti yake hufika baadaye ikiwa na jalada zuri lenye picha ya mvuvi akivuta wavu. Mvuvi yule mwenye picha hawezi kuisoma. Hatuna ugomvi na elimu ya mtu huyu, kwani aghalabu ni msomi hodari, ajuaye habari za maji na samaki kuliko sisi walimu wa lugha tutakavyopata kuzijua. Ugomvi wetu ni juu ya lugha, na tunathubutu kusema waziwazi kwamba mshauri asiyeijua lugha ya watu wa ziwa, wala asiyedaiwa na mtu yeyote kuwaandikia kwa lugha hiyo, amelipwa kwa kazi ambayo hajaifanya.

Tulitazame kwanza ziwa lenyewe. Tanganyika ni ziwa refu kuliko maziwa yote ya maji baridi duniani. Urefu wake wapata kilomita 670, na kina chake kikubwa chafika mita 1,470. Nchi nne zimeligawana: Kongo ina kiasi cha asilimia 45, Tanzania 41, Burundi 8, na Zambia 6. Samaki hawaijui mipaka hiyo, wala mvuvi aliye majini usiku na taa zake haioni. Ndagala wetu ndiye dagaa wa Kigoma na kapenta wa Mpulungu. Mukeke anayeliwa Bujumbura ndiye mgebuka anayeliwa Ujiji. Mchuuzi wa Rumonge akikutana na wenziwe wa Uvira na wa Kigoma, hawapatani bei kwa Kifaransa wala kwa Kiingereza. Husemezana kwa Kiswahili, lugha iliyofika mwambao huu pamoja na misafara ya Ujiji, ikakaa, ikazaa watoto. Mtaa wetu wa Buyenzi unajulikana tangu zama za Wabelgiji kuwa mtaa wa Waswahili.

Sasa tuitazame miradi. Mwaka 1992 ulianza mradi mkubwa wa utafiti wa uvuvi, chini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kwa fedha za Finland, nao ukafanya Bujumbura kuwa makao yake. Kati ya 1995 na 2000 ukawako mradi wa nchi zote nne juu ya viumbe anuwai wa ziwa. Tarehe 12 Juni 2003 nchi hizo zilitia saini Mkataba wa Usimamizi Endelevu wa Ziwa Tanganyika, na kutokana na mkataba huo tunayo leo, hapa hapa mjini, Mamlaka ya Ziwa Tanganyika. Kazi hizi zote ni za maana, wala hatutaki mtu adhani tunazibeza. Lakini waliopata kuzishika ripoti za ule mradi wa 1992 watakumbuka kwamba kila moja ilipigwa alama mwishoni mwa namba yake, "En" kwa iliyoandikwa Kiingereza na "Fr" kwa iliyoandikwa Kifaransa. Sisi tumefungua nyingi, na hatujaona hata moja yenye alama ya Kiswahili. Mkataba nao, ambao una kifungu kizima juu ya wananchi kushiriki katika maamuzi, ulitiwa saini Dar es Salaam, na maandishi yake ni ya Kiingereza na Kifaransa.

Labda mtu atasema kwamba haya ni mambo ya makaratasi tu. Basi achukue jambo moja. Mwaka 2003 wataalamu walitangaza, katika majarida ya Nature na Science, kwamba maji ya juu ya ziwa hili yamezidi joto, na kwa sababu hiyo hayachanganyiki na maji ya chini kama zamani. Rutuba hubaki vilindini, mimea midogo ya majini hupungua, na dagaa wanaoitegemea hupungua pia. Habari hii ni ya mvuvi kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote. Zaidi ya miaka 20 imepita, na bado kuna wavuvi waaminio kwamba samaki wamepungua kwa sababu ya uchawi wa mwalo wa jirani. Nani wa kulaumiwa, yeye ambaye hakuambiwa, au waliojua wakaambiana wao kwa wao?

Turudi kwenye jina la kazi yenyewe. Kiswahili kilipotafuta neno la mtu huyu kilimwita mshauri, na wenzetu wa Tanzania wakazidisha wakamwita mshauri mwelekezi. Kila mwanafunzi wetu wa mwaka wa pili ajua kwamba mzizi wa neno hili ni shauri, na shauri haliwi la mtu mmoja. Hukaa watu wakaleta maneno, yakapingwa, yakakubaliwa. Anayeuliza maswali ya karatasi, akapokea majibu kwa kinywa cha mtu wa tatu, kisha akaandika mapendekezo yake akiwa mbali na waliojibu, huyo ni mwulizaji. Huenda akawa mwulizaji mzuri. Lakini jina la mshauri amelikopa, na hajalilipa.

Kusudi tusionekane kunena kwa kusikia, tutaeleza lililotupata wenyewe.

Miaka michache iliyopita tuliitwa na mradi mmoja, ambao hatutautaja, tukawe wakalimani kwa siku nne katika mwalo ulio kusini ya Bujumbura. Karatasi ya Kifaransa tulipewa usiku wa kuamkia safari, tukaifasiri mbiombio. Kila palipotajwa utunzaji wa viumbe na mali ya asili sisi tuliandika "hifadhi", kama kamusi zisemavyo, na kama tuwafundishavyo wanafunzi wetu. Asubuhi wavuvi wapatao 40 wakakusanyika chini ya mwembe, nasi tukasoma kwa sauti ya darasani: "Mradi huu unakusudia hifadhi ya ziwa." Pakawa kimya. Mzee mmoja, mwenye mitumbwi miwili na wana watatu walio majini, akasimama akasema, "Mwalimu, ziwa likishafanywa hifadhi, sisi mtatupeleka wapi?"

Hakuwa mjinga, wala hakuwa mkorofi. Masikioni mwake hifadhi si tendo, ni mahali. Ni mahali palipowekewa mpaka na askari. Anaijua Rusizi, iliyowekwa chini ya ulinzi mwaka 1980. Ng'ambo ya mpaka anaijua Gombe, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na Mahale iliyofuata mwaka 1985, ambayo mpaka wake unaingia majini kilomita 1.6. Alikuwa na haki kamili ya kuuliza. Sisi tulimweleza mshauri swali hilo, mshauri akatabasamu akasema asiwe na wasiwasi, tukamwambia asiwe na wasiwasi, na tangu hapo wasiwasi ukawapata wote. Nyavu zilizokuwa nane zikawa tatu. Kila swali likajibiwa "sijui", au likajibiwa "ndiyo" ile ya adabu ambayo Mwafrika wa mwambao humpa mgeni ili aondoke kwa amani. Hizo ndiyo zote zilitiwa katika hesabu, zikageuka asilimia.

Ripoti tuliiona kwa bahati, baada ya miezi mingi. Mwalo wetu ulipewa aya fupi isemayo kwamba wakazi wake hawana mwamko wa mazingira, na kwamba pendekezo ni kuwaletea mafunzo ya uhamasishaji. Yaani mradi mwingine, na mshauri mwingine.

Kosa la neno lile lilikuwa letu, hatumtwishi mtu. Tulirudi mwaloni peke yetu kwa basi, tukamtafuta yule mzee, tukamweleza kwa Kiswahili chake, si chetu cha darasani: kwamba waliomjia hawakutaka kulichukua ziwa, walitaka ndagala wachanga waachwe wakue, na ziwa lipewe muda wa kupumzika. Akatutazama kwa muda. Kisha akasema, "Hilo mbona dogo? Hata sasa mwezi ukiwa mpevu hatutoki, samaki hawaifuati taa. Mngesema mnataka kuziongeza siku hizo, tungekaa tukashauriana ni siku ngapi, na watoto wale nini."

Mwalimu anayesoma haya na apime mwenyewe thamani ya jibu hilo. Mwaka 2024, kwa kufuata makubaliano ya nchi nne, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika upande wake wa ziwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Inawezekana kabisa kwamba hatua hiyo ni ya haki na kwamba ziwa linaihitaji. Lakini mtu anayeambiwa akae miezi mitatu bila wavu anastahili kupewa sababu kwa lugha ambayo yeye naye aweza kuitumia kubisha. Pasipo hivyo amri itafuatwa mchana mbele ya askari, na usiku itavunjwa, na tutasikia tena kwamba watu hawana mwamko.

Tunajua tutakavyojibiwa. Ati Warundi wana Kirundi. Ni kweli, na penye Warundi watupu na kisemwe Kirundi, sisi ndio wa kwanza kushangilia. Lakini samaki wa mkataba huu ni wa nchi nne, na Kirundi hakivuki mpaka Kigoma. Ati Wazambia je? Kule Mpulungu na kitumiwe Kibemba. Hatudai Kiswahili kimmeze mtu. Ati Kiswahili hakina istilahi. Hoja hii tumeichoka. Baraza la Kiswahili la Tanzania lipo tangu 1967, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilianza kazi Zanzibar mwaka 2015, Jumuiya ya SADC ilikikubali Kiswahili mwaka 2019, na Umoja wa Afrika mwaka 2022. Lugha inayoweza kuendesha kikao cha wakuu wa nchi haishindwi na ripoti ya dagaa.

Lakini hoja hii ya istilahi inatugusa sisi walimu mahali pabaya. Tumeunda "maendeleo endelevu", tukajipongeza, na darasani mwanafunzi akituuliza kama maana yake ni maendeleo yanayoendelea, twacheka naye. Tumeunda "usimamizi shirikishi", na mvuvi hajui ni mnyama gani. Wakati huohuo maneno ya mwaloni, majina ya nyavu, ya pepo, ya rangi za maji kabla ya dhoruba, majina ya samaki mmoja katika kila umri wake, tumeyaacha yakae nje ya madaftari yetu kwa kuwa ati ni Kiswahili kibovu cha Buyenzi. Kwa miaka mingi tumempa mtoto wa mvuvi alama ya chini kwa kuandika neno ambalo babaye analitumia kuishi. Mshauri wa kigeni hakutulazimisha kufanya hivyo.

Kwa hiyo madai yetu yana pande mbili. Wanaoajiri washauri waandike katika hadidu za rejea kwamba malipo ya mwisho hayatolewi mpaka muhtasari wa Kiswahili uwe umesomwa mwaloni na kupingwa na wenye mwalo. Na mkalimani apewe karatasi juma zima kabla ya safari, alipwe kama mtaalamu, na jina lake liandikwe katika ripoti ili aweze kulaumiwa kwa haki. Nasi walimu tuache kupokea karatasi usiku wa manane tukaifasiri kwa kamusi. Asiyekwenda mwaloni kuuliza neno kabla ya kulitumia aikatae kazi hiyo.

Orodha ya maneno ya uvuvi tumekwisha kuianza pamoja na wanafunzi wetu. Ina maneno ya upande wa Bujumbura tu, na mengi yana alama ya kuuliza. Tunawaomba walimu wa Rumonge, Nyanza-Lac, Uvira, Kalemie na Kigoma watuletee ya kwao kwa njia ya jarida hili, pamoja na jina la mwalo neno liliposikiwa, na kama mzee aliyelitaja alikubali kwamba tumelielewa.