Wengi Wape, Lakini Dola Isiwe na Dini

Kiswahili hutenganisha Mhindi na Mhindu kwa irabu moja. Mhindi ni mtu wa India, awe Mwislamu, Mkristo au Kalasinga. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Utaifa wa Kihindu, yaani Hindutva, ni harakati ya kuifuta tofauti hiyo. V. D. Savarkar, aliyeuandikia kitabu mwaka 1923, alishikilia kwamba Mhindu ni yule ambaye India ni nchi ya baba zake na pia nchi yake takatifu. Kwa kipimo hicho, Mwislamu anayeelekea Makka na Mkristo anayeitazama Yerusalemu ni wageni, hata kama wazee wao wamezikwa huko tangu zamani. Kipimo hicho kikiletwa Mbuba, wilayani Ngara, Tanzania, hakuna Mkatoliki, Mwanglikana wala Mwislamu atakayebaki mwenyeji.

Imani iliyozoeleka ni kwamba hakuna dhuluma hapo: wengi wape. Kwa sensa ya 2011 Wahindu walikuwa karibu asilimia 80 ya Wahindi, basi nchi na iwe yao. Imani hiyo ni potofu na ni ya hatari. Wingi wa kura huhama. Aliyeshindwa leo hujipanga kwa uchaguzi ujao. Wingi wa dini hauhami hivyo. Ukikabidhiwa dola, wachache huwa wameshindwa kabla sanduku la kura halijafunguliwa.

Matokeo yake yanaonekana. Tarehe 6 Desemba 1992 umati uliubomoa Msikiti wa Babri mjini Ayodhya. Tarehe 22 Januari 2024 Waziri Mkuu Narendra Modi mwenyewe aliongoza uzinduzi wa hekalu palepale. Sheria ya uraia ya India ya 2019 iliwafungulia njia ya uraia wakimbizi kutoka Pakistan, Bangladesh na Afghanistan, ikawaacha Waislamu. Ngara inajua mkimbizi ni nani. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, wakajaa kambi ya Benaco. Kilichowapa haki ya kupokelewa ni kukimbia kifo, si jina la dini.

Wanaosema hayo ni ya Wahindi wenyewe wanasahau mambo mawili. Kwanza, tawi la kwanza la harakati ya Hindutva nje ya India lilianzishwa Kenya, mwaka 1947. Pili, moto wa aina hiyo umeshawaka jirani. Mwaka 2015, huko Dadri, India, Mwislamu mmoja aliuawa na kundi la watu kwa uvumi kwamba ameweka nyama ya ng'ombe nyumbani. Miaka miwili kabla yake, Februari 2013, ugomvi wa nani achinje nyama ya kuuzwa ulizuka Buseresere, eneo lililowahi kuwa ndani ya wilaya ya Biharamulo, na mchungaji mmoja wa kanisa akauawa. Kwa desturi ya sehemu nyingi za Tanzania, Mwislamu huitwa machinjioni alfajiri. Ng'ombe hulazwa kuelekea kibla, kisu hupita mara moja, na kufikia saa mbili Mkristo na Mwislamu wamepanga foleni moja kwenye bucha. Desturi hiyo inapaswa kusimama kwa hiari. Dola ikiamua kisu ni cha dini gani, foleni hiyo itavunjika.

Tena, dola kutokuwa na dini si kuichukia dini. Katiba ya 1977 inaitaja Tanzania kuwa nchi isiyokuwa na dini, na katika ibara ya 19 inalinda uhuru wa kuamini, kuabudu na kutangaza dini, huku ikiweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Msikiti na kanisa hupata nafasi kwa sababu dola haikushika upande wowote.

Na hapa Tanzania hao wengi ni akina nani? Tangu ile ya 1967, hakuna sensa iliyomuuliza Mtanzania dini yake. Karani wa sensa ya 2022 alihesabu watu bila kuuliza swali hilo, na karani wa sensa ijayo asitumwe kuliuliza.