Mbu wa dengue hatoki majarubani

Hapa Kiberege, katika Bonde la Kilombero, ukitaja mbu, watu wanaangalia majaruba ya mpunga na mafuriko. Kwa malaria ni sawa. Lakini Aedes aegypti, anayeeneza dengue na chikungunya, huzaliana uani: kwenye pipa, ndoo, tairi bovu. Huuma zaidi mchana na haruki mbali, kwa hiyo virusi husafirishwa mbali na watu: mgonjwa mmoja aliyeshuka na basi kutoka Dar es Salaam, ambako dengue iliwapata maelfu mwaka 2019, anatosha kuambukiza mbu wa nyumbani kwake, na mbu hao wakahamia kwa jirani.

Atasema mtu: bomba halitoi maji kila siku, tutaachaje kuhifadhi maji? Hakuna haja ya kuacha. Pipa lifunikwe vizuri, na maji yakiisha lisuguliwe ndani, maana mayai hunata ukutani juu kidogo ya maji na hustahimili ukavu kwa miezi. Kumwaga tu hakutoshi. Wengine wanaamini chandarua kinamaliza kazi. Mgonjwa alale ndani yake hata mchana, hilo nalisisitiza, ila hakimkingi mtoto anayecheza uani saa kumi jioni. Na kipimo kikionyesha hakuna malaria, jamani, homa hiyo ichunguzwe zaidi, tusikimbilie dawa mseto ya malaria.