Mkataba wa 1976 ulivyoitoa NBA jasho

JANUARI 2014 Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Marekani (NBA) ilikubali kuwalipa ndugu wawili, Ozzie na Dan Silna, dola milioni 500 kwa mkupuo. Wakati huo ndugu hao hawakuwa na timu. Timu yao, Spirits of St. Louis, ilikufa mwaka 1976.

Mwaka huo NBA ilichukua timu nne tu za ligi pinzani ya ABA: Nets, Nuggets, Pacers na Spurs. Mmiliki wa Kentucky Colonels alipewa dola milioni 3, akaondoka. Akina Silna walipokea milioni 2.2, lakini wakadai pia moja ya saba ya fedha za televisheni za kila timu kati ya hizo nne, maadamu ligi ipo. Televisheni ilikuwa ikilipa kidogo, hivyo sharti hilo halikumtisha mtu.

Baadaye NBA ilitaka kuununua mkataba huo kwa dola milioni 5. Wenyewe wakataka 8. Kugomea tofauti hiyo lilikuwa kosa kubwa kuliko saini ya 1976. Hadi 2014 ndugu hao walikuwa wamevuna takriban dola milioni 300.

Je, milioni 500 zilizidi? Oktoba 2014 NBA ilisaini mkataba mpya wa televisheni wa dola bilioni 24 kwa miaka tisa. Zikigawanywa sawa kwa timu 30, fungu la kale la akina Silna lingezidi milioni 450, tena kwa mkataba huo mmoja tu.